Kutoa Kabla ya Kujumlisha

Nyie walimu wapya mnaoshuka stendi ya Mpanda na mabegi ya magurudumu, nawaona. Tangu nistaafu sina kazi kubwa asubuhi zaidi ya kumwagilia michungwa yangu na kwenda mjini kufuata dawa ya presha, kwa hiyo nawaona vizuri sana. Mnasimama pale, mnaangalia barua ya kupangiwa kituo, mnaangalia vumbi, halafu mnamuuliza kijana wa bodaboda kama Kakese ni mbali. Naye anawajibu kwamba si mbali, maana tangu anunue pikipiki hajatembea hata kwenda dukani.

Juzi mmoja wenu alikuja kwangu. Kijana mzuri, shati limenyooshwa, kishikwambi kwapani. Alikuwa amefundisha muhula mmoja tu na tayari ameshapata jibu la matatizo yote ya shule za huku. Aliniambia matokeo yetu hayapandi kwa sababu ya watoto wenyewe: ni wengi mno, wanatoka kila kona, nusu hawajui Kiswahili, na wa wafugaji leo wapo kesho hawapo. Akasema hata angeletwa profesa, wastani ungebaki pale pale. Nilimpa chungwa ale kwanza. Mtu akiwa na chungwa mdomoni husikiliza vizuri zaidi, hiyo nayo ni mbinu ya kazi, iandikeni.

Alivyosema kuhusu mchanganyiko ni kweli. Shule niliyomalizia kazi, ambayo jina lake nitaliacha lipumzike, iko pembeni mwa Mpanda upande huo wa Kakese. Nilipofika pale mara ya kwanza watoto wengi walikuwa Wabende na Wakonongo, wenyeji wenye nchi yao, na Wafipa wachache wenzangu ambao wazazi wao walihama kutoka Sumbawanga. Baadaye zikaja familia za Kipimbwe kutoka Mamba, watu wa mpunga, wakifuata ndugu zao karibu na mji. Wakaongezeka watoto wa asili ya Burundi, ambao wazazi wao walizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi na leo ni Watanzania wenye vitambulisho kama changu. Halafu wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wakakaa mbugani ng'ambo ya mto, na Darasa la Kwanza likafura mpaka wengine wakawa wanakaa kwenye kizingiti cha mlango.

Sasa fikirieni mwalimu anasimama mbele ya darasa kama hilo. Anasema "kaeni", theluthi wanakaa, theluthi wanawaangalia waliokaa ndipo nao wanakaa, na waliobaki wanatabasamu kwa adabu. Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa Hisabati wa madarasa ya juu, na nawaambia wazi kwamba Mwalimu Mkuu alipokuwa akigawa madarasa mwanzo wa mwaka, likitajwa Darasa la Kwanza sote tulikuwa tunainama kutafuta kalamu zilizoanguka. Kalamu zenyewe zilikuwa mfukoni.

Hisabati ya wadogo ina mitego yake. Wakati fulani niliazimwa kwenda kusaidia Darasa la Tatu, nikajiona mbunifu, nikawaambia kila mtu aje na karanga kumi za kuhesabia. Tukaanza vizuri. Kumi toa tatu, inabaki ngapi? Mtoto mmoja wa mbele akanijibu kwa unyofu kabisa kwamba hakuna kitu. Nikamwendea kumsahihisha, nikakuta kweli hakuna kitu, na darasa zima linatafuna. Kuanzia siku hiyo sikuhesabu tena kwa kitu kinacholiwa. Mawe nayo yana hasara yake, wavulana wanakwenda kutungulia maembe ya jirani. Vizibo vya soda ndiyo dawa: vioshe, vitoboe katikati, vifunge kwenye waya kumi kumi. Na ukikosa vizibo, magunzi ya mahindi yanafaa sana kwa makumi, mradi usiyaache karibu na jiko la uji.

Lakini yote hayo ni mambo ya vifaa. Aliyenifundisha mimi maana ya kufundisha, na nilikuwa tayari nina mvi, alikuwa Mwalimu Spesioza.

Mwalimu Spesioza alizaliwa Katumba, kwenye makazi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na kandambili za ngozi zilizoshonwa mara nyingi. Wakati sisi tunatafuta kalamu sakafuni, yeye alikuwa ananyoosha mkono kuomba Darasa la Kwanza, na mwaka unaofuata anawafuata watoto wale wale Darasa la Pili. Hakuna aliyegombana naye kwa hilo, tulimshukuru kimoyomoyo.

Wiki yake ya kwanza na watoto alikuwa hafundishi herufi. Alikuwa anasalimia. Anamsalimia Mpimbwe kwa Kipimbwe, Msukuma kwa Kisukuma, Mbende kwa Kibende, na kila salamu anaikosea kwa makusudi. Watoto wanacheka mpaka machozi, halafu wanamsahihisha. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajiaibisha hivyo wakati salamu zote anazijua. Akaniambia mtoto akishakucheka hakuogopi tena, na akishakusahihisha anajua kwamba kukosea hakuui mtu. Nimehudhuria semina nyingi, nimekula wali mwingi wa semina, na sijasikia neno lililonifaa kuliko hilo.

Kwenye madawati pia alikuwa na mpango wake. Hakuwaweka Warundi na Warundi wala Wasukuma na Wasukuma. Kila dawati lilikuwa na mtoto mmoja ambaye nyumbani kwao baba na mama wanatoka makabila mawili, au ambaye amekulia sokoni, na huyo ndiye aliyekuwa daraja. Mwalimu akisema jambo, unasikia minong'ono inapita dawati hadi dawati. Mkaguzi asiyejua angesema darasa lina kelele. Spesioza alikuwa anasubiri minong'ono iishe, kisha anaendelea.

Katika darasa lake moja alikuwepo mtoto anaitwa Kabula. Huyu ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa binti wa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa na boma lake ng'ambo ya mto. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, sare yake imekatwa kutoka sketi ya dada yake. Kusoma alikuwa ameanza kushika vizuri, anafuata silabi kwa kidole bila haraka. Lakini kwenye kuhesabu alikuwa kimya. Unajua vile vitabu vya Darasa la Pili: hesabu kuku hawa, hesabu mbuzi hawa, hesabu ng'ombe hawa. Kabula akifika hapo anashusha macho na kufunga mdomo. Ukimbembeleza, kimya. Ukimkaripia, kimya kile kile.

Mzee Masanja alipata habari hizo, akaja shuleni. Mtu mrefu, kofia ameivua na kuishika kwa mikono miwili. Alituambia kwa upole tu, bila ugomvi. Kaka yake Kabula alisoma miaka yote saba, akatoka bila kujua hata kusoma kibandiko cha dawa ya mifugo. Kwa hiyo safari hii yeye Masanja hatasubiri miaka saba. Nyumbani ana ndama wengi na hana mtoto wa kuwachunga, maana kazi ya ndama ni ya watoto wadogo.

"Kama mwaka huu ukiisha na hajui kuhesabu," alisema, "nitamrudisha kwenye ndama. Sitawalaumu nyie walimu. Kila mtoto na kazi yake."

Aliyeumia zaidi alikuwa mwalimu wetu wa taaluma, kijana mwenye bidii ambaye kila baada ya matokeo alikuwa anaitwa kwenye kikao cha halmashauri kueleza kwa nini tuko mkiani. Msimcheke, kazi yake ilikuwa ngumu. Watu wa mjini wanaona wastani tu, hawaoni mtoto aliyevuka mto kwa miguu kabla ya kengele. Upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa Darasa la Pili ulikuwa unakaribia, na yeye akatoa wazo ambalo nyie mmeshalisikia kwenye shule zenu, msinidanganye: wale wachache watakaotushusha waambiwe siku hiyo wabaki nyumbani. Jina la kwanza lililotajwa lilikuwa la Kabula.

Mwalimu Spesioza alikuwa anasahihisha madaftari kwenye kona. Hakuinua kichwa. Alisema, "Akibaki nyumbani siku hiyo, ndiyo amebaki moja kwa moja. Baba yake amesema." Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye baiskeli anayekwenda upande wa mto baada ya masomo. Baiskeli ilikuwa yangu.

Tulifika bomani kwa Masanja jua likiwa limeanza kulegea, ng'ombe ndiyo wanarudi. Kama hamjawahi kusimama karibu na zizi la Kisukuma saa hiyo, nendeni mkasimame. Vumbi, kengele, milio ya ndama wanaoita mama zao, na hakuna mtu mwenye wasiwasi. Bibi yake Kabula, mama yake Masanja, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa nyumba. Spesioza akapiga goti, akamsalimia, "Mwadila mayu," na safari hii hakuikosea. Kabula alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, bado na sare ya shule, anaangalia kundi likiingia. Hakunyoosha kidole, hakutikisa midomo. Anaangalia tu.

Ng'ombe wa mwisho alipoingia, Spesioza akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Kabula, wameingia wangapi?"

Mtoto akashusha macho, kimya kile cha darasani. Nikamwona bibi ananyanyuka kwenye kigoda. Hakuwa na hasira, ila alikuwa na uso wa mtu anayemwahi mtoto asiguse moto. Alisema maneno mengi kwa Kisukuma, Masanja akatutafsiria machache. Kwao, katika ukoo wao, chenye roho hakihesabiwi. Si ng'ombe, si mbuzi, si mtoto wa mtu. Ukikinyooshea kidole na kukitajia idadi, umekiita kifo kije kipunguze. Bibi alilelewa hivyo, Masanja alilelewa hivyo, na Kabula alikuwa amefundishwa jambo hilo kabla hajajua kutembea.

Nikajikuta nakohoa bure. Kumbe mtoto tuliyemwita mzito alikuwa anatii. Kila tulipofungua ukurasa wa ng'ombe tulikuwa tunamwomba, mbele ya wenzake, awaitie ng'ombe kifo.

Nilidhani Spesioza ataanza kumweleza bibi kuwa hizo ni imani tu. Wengi wetu tungefanya hivyo, tena kwa sauti ya hotuba. Yeye alikaa chini kwenye mkeka. Akamwambia bibi kwamba mama yake mwenyewe, kule makazini, hakuwahi kutaja idadi ya watoto wake. Alipokuja mtu wa kugawa mahindi na kumuuliza ana watoto wangapi, alikuwa anajibu, "Ninao wa kunitosha," hata kama jibu hilo lilimfanya apewe pungufu. Alikuwa amezika wawili njiani, na hakutaka tena kuwahesabu waliobaki. Spesioza aliyasema haya akiangalia mikono yake, na mimi niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo sikuwa nayajua. Bibi akamsogezea kibuyu cha maziwa ya mgando.

Baada ya kunywa, Spesioza akamgeukia tena Kabula, akauliza swali lingine. "Nani hayupo?"

Mtoto akainua kichwa na kujibu bila kufikiri. Hayupo yule wa madoa aliyevunjika pembe, na hayupo mtamba mwekundu, binti wa yule anayepiga mateke. Masanja akashtuka, akamtuma mchungaji arudi nyuma kuangalia, na kweli, walikutwa wawili hao wamebaki mtoni. Zizi lilikuwa limejaa kiasi kwamba mimi, mwalimu wa Hisabati, ningehitaji kuwasimamisha kwa mistari.

Njiani kurudi nilikokota baiskeli, Spesioza anatembea pembeni. Nilimuuliza atafanya nini, maana kitabu kimejaa wanyama na upimaji hautabadilishwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Akanijibu hivi: "Sitamfundisha mtoto kumkaidi bibi yake. Nitamtafutia kitu kingine cha kuhesabu. Halafu, mwalimu, sisi tunaanza na kujumlisha. Huyu nyumbani kwao wanaanza na kutoa."

Kesho yake asubuhi nilipita dirishani kwake kwa kisingizio cha kuomba chaki. Alikuwa ameacha kuita majina kwa daftari la mahudhurio. Alisimama mbele akauliza darasa zima, "Nani hayupo?" Watoto wakageuka, wakaangaliana dawati kwa dawati, wakataja majina ya wasiokuwepo, na yeye akachora nafasi tupu ubaoni kwa kila jina. Nafasi mbili tupu zikija kujaa watoto wawili wakipona homa, wote wanajua kilichotokea. Kutoa kulitangulia, kujumlisha kukaja kama mtu anayerudi nyumbani. Watoto wa asili ya Burundi, ambao nyumbani mwao swali la nani hayupo lina uzito wake, walilijibu kwa makini kuliko wote.

Kisha akatoka nao nje, akachora kwa kijiti zizi la ndama ardhini. Kwenye mazizi ya kwao ndama hufungwa kwenye vigingi, kila mmoja na chake. Akachomeka vijiti vidogo, akasema hivi ni vigingi. Kigingi ni mti, hakina roho, kihesabu utakavyo. Kabula alivihesabu. Alivihesabu kwa sauti kubwa iliyonifikia mimi ofisini, na akipita cha mwisho anarudia mwanzo, anavihesabu tena kwa raha yake. Watoto wa Mamba wao walihesabu majaruba ya mpunga, wa Kibende wakahesabu mizinga ya asali iliyotundikwa upande wa Ugalla na ambayo nyuki wameihama. Darasa lilijaa vitu vya nyumbani kwa kila mmoja.

Yule mwalimu wa taaluma alikuja kuangalia, akakaa kipindi kizima. Jina la Kabula hakulitaja tena kwenye wale wa kubaki nyumbani, na siku iliyofuata alikuja na fungu la vijiti alivyovichonga mwenyewe, vimenyooka na kusuguliwa vizuri kuliko vya Spesioza. Wote wawili walifurahi.

Siku ya upimaji ikafika. Mtathmini alikuwa mama mmoja mpole aliyetoka wilayani, akawekewa meza kwenye veranda, na watoto wanamwendea mmoja mmoja. Mwalimu wa darasa haruhusiwi kuwa karibu, kwa hiyo Spesioza alifungiwa ndani na waliokuwa wanasubiri, na mimi nikapewa kazi ya kupanga foleni. Mzee Masanja naye alikuja. Hakuna aliyemwita. Alisimama uani na kofia yake mikononi, mahali ambapo anaweza kusikia.

Kabula alisoma vizuri. Aliandika vizuri, mstari umepanda kidogo lakini unasomeka. Ndipo mtathmini akafungua karatasi ya kuhesabu, na nikaiona kutoka nilipo. Ilikuwa ng'ombe. Wamechorwa wametawanyika ukurasa mzima, wengine wanakula majani, wengine wamelala. Akamwambia ahesabu na kutaja ni wangapi.

Kabula akashusha macho, akafunga mdomo.

Mtathmini alirudia swali taratibu. Kimya. Akamngoja tena, kisha akachukua kalamu yake kujaza. Masanja uani alikuwa ameshageuka, anavaa kofia.

Hapo Kabula akanyoosha mkono, akaivuta karatasi. Akachukua penseli, akachora kijistari kifupi chini ya ng'ombe wa kwanza. Akachora kingine chini ya wa pili. Mtathmini akamwambia asichafue karatasi, lakini mtoto alikuwa ameshazama. Alimpa kila ng'ombe kijistari chake, hata yule aliyefichwa nusu nyuma ya mti. Kisha akarudi mwanzo, akaweka kidole kwenye kijistari cha kwanza, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Kumi na nne," alisema alipofika mwisho.

"Kumi na nne nini?"

"Vigingi."

Mtathmini akaangalia karatasi. "Na ng'ombe?"

"Kila kigingi kina wake."

Nataka mjue kwamba hakuna aliyemfundisha hivyo. Spesioza alimfundisha vigingi vya ardhini, vitupu, bila ndama hata mmoja. Kuvihamishia chini ya ng'ombe wa kitabuni, ili amjibu mtathmini na asimkosee bibi yake, lilikuwa wazo la Kabula mwenyewe, na alilipata pale pale kwenye kile kiti, peke yake. Mtathmini akamuuliza swali la mwisho, watano wakienda kunywa maji itakuwaje. Kabula akajibu kabla hajamaliza kuulizwa: vitabaki vigingi vitano vitupu, na tisa vyenye ng'ombe. Yule mama akatabasamu, akaandika, akamwita anayefuata. Mimi nikageukia ukuta kama mtu anayesoma ratiba, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na wale watoto kwenye foleni wana midomo.

Matokeo yalipotoka hatukuongoza wilaya, msije mkasema nimewadanganya. Lakini Darasa la Pili lile lilitoka mkiani, likapanda mpaka katikati, na mwalimu wa taaluma akaenda kikaoni akiwa amechomekea shati. Alipoulizwa kilichobadilika, watoto au walimu, alisema watoto ni wale wale, na hakuna hata mmoja aliyebaki nyumbani.

Nilimweleza yule kijana wa chungwa haya yote. Akaniuliza sasa Mzee Masanja alisema nini siku ile, alikwenda kumshukuru mwalimu au vipi. Nikamwambia hakusema kitu. Alimsubiri binti yake, akamshika bega, wakaondoka. Spesioza alipotoka darasani alikuta uani hakuna mtu, na hakuuliza, ila alikaa muda mrefu anafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutika. Hakuwa na hakika kama Kabula atarudi. Mimi pia sikuwa na hakika.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakuja na baiskeli kwa njia ya mtoni, maana nililala kwa mdogo wangu upande ule. Nikakuta ndama wamejaa njiani. Nyuma yao, na kafimbo kafupi ka mtoto, alikuwa anatembea Mzee Masanja mwenyewe, mtu mzima mwenye boma na wake zake. Wanaume wawili waliokuwa wanakwenda shambani walikuwa wanamtania kwa Kisukuma na kucheka mpaka wanasimama, mzee kama yule na kazi ya watoto. Yeye aliwaacha wacheke.

Nikashuka kwenye baiskeli, nikamsalimia. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kengele imeshagonga?"

Nikamwambia bado.

"Basi atawahi," akasema, na akawaswaga ndama pembeni ili nipite.